Misimbo ya Magonjwa: Jinsi Magonjwa Sugu ya Mapafu na Matumizi ya Tumbaku Yanavyoandikwa Hospitalini

Mada hii inaunganisha mambo matatu uliyokwisha kuyasoma: uainishaji, upumuaji na afya ya jamii. Mtihani wa Baiolojia utaufanya kwa Kiingereza, lakini jambo ulilolielewa vizuri kwa Kiswahili ni rahisi kulieleza kwa lugha yoyote. Soma ukiwa na kalamu na karatasi, kwa sababu kuna mifano ya kufanya na maswali mwishoni.

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya msimbo wa ugonjwa na sehemu zake;
(b) kutofautisha magonjwa sugu ya njia za hewa na misimbo yake;
(c) kuchagua msimbo unaofaa kwa mtumiaji wa tumbaku;
(d) kueleza kwa nini ugonjwa na chanzo chake huandikwa kila kimoja peke yake.

1. Kwa nini ugonjwa upewe herufi na namba?

Fikiria mgonjwa mmoja anayekohoa na kubanwa pumzi, aliyepita katika vituo vitatu vya afya. Kituo cha kwanza wameandika "kifua". Cha pili wameandika "kikohozi cha muda mrefu". Cha tatu wameandika "pumu ya ukubwani". Mgonjwa ni yule yule na mapafu ni yale yale, lakini ofisa wa takwimu anayepokea taarifa hizo wilayani atahesabu magonjwa matatu. Zidisha mgonjwa huyo kwa maelfu, ongeza Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu cha nchi nyingine, halafu jiulize serikali itajuaje kiasi cha dawa za kununua.

Msimbo wa ugonjwa ni herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, kwa makubaliano ya nchi zote. Una kazi kuu tatu:
- Matibabu: tabibu wa kituo cha pili anasoma alichoamua wa kituo cha kwanza bila kubahatisha.
- Malipo: bima ya afya inajua inalipia huduma ya ugonjwa gani.
- Takwimu: wagonjwa na vifo vinahesabika na kulinganishwa baina ya wilaya, nchi na miaka.

2. Historia fupi

Carolus Linnaeus unamfahamu kwa utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili. Pengine hujasikia kwamba alijaribu pia kuyapanga magonjwa katika makundi, na kitabu chake cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1763. Wazo lilikuwa lile lile: vitu vinavyofanana viwekwe pamoja, kila kimoja kipewe jina moja.

Orodha ya kimataifa ilikuja baadaye. Mwaka 1893, mtaalamu wa takwimu wa Ufaransa, Jacques Bertillon, aliwasilisha orodha ya sababu za vifo katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu uliofanyika Chicago, Marekani. Orodha hiyo iliendelea kurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, lilikabidhiwa kazi hiyo. Toleo la mwaka huo, ambalo ni la sita, liliongeza magonjwa ya watu walio hai; kabla ya hapo orodha ilishughulika na vifo tu.

Toleo la kumi, linalofahamika kama ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990 na likaanza kutumiwa na nchi wanachama kuanzia mwaka 1994. Toleo la kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Nchi haihami toleo kwa siku moja, kwa hiyo misimbo ya ICD-10 bado inatumika kwa wingi. Mada hii inafuata ICD-10 ya WHO.

3. Jinsi msimbo unavyojengwa

Uchukulie msimbo kama anwani. Ukitaka kumfikisha mgeni nyumbani kwenu utamtajia mkoa, kisha wilaya, kisha kata, kisha mtaa. Kila hatua inapunguza eneo la kutafuta. Tazama msimbo J44.1:
- J ni "mkoa": magonjwa yote ya mfumo wa upumuaji, kuanzia J00 hadi J99.
- J40 hadi J47 ni "wilaya": magonjwa sugu ya njia za chini za hewa.
- J44 ni "kata": ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa.
- .1 ni "mtaa": ugonjwa huo ukiwa umezidi ghafla.

Kuna tarakimu mbili za mwisho unazopaswa kuzizoea. Mara nyingi .8 humaanisha "aina nyingine iliyobainishwa", na .9 humaanisha "haikubainishwa". Kwa hiyo J45.9 ni pumu ambayo aina yake haikuelezwa. Ukiona .9 nyingi katika taarifa ya hospitali, ujue vipimo ni vichache au waandishi wana haraka.

Zingatia: si kila ugonjwa wa mapafu uko katika herufi J. Kifua kikuu kiko A15 hadi A19, kwa sababu kinapangwa pamoja na magonjwa ya kuambukiza. Saratani ya mapafu ni C34, pamoja na saratani nyingine. Orodha hii haiangalii kiungo pekee. Wakati mwingine chanzo cha ugonjwa ndicho kinachoamua mahali pake.

4. Magonjwa sugu ya njia za hewa

Kumbuka njia ya hewa: puani, kooni, kwenye trakea, bronki mbili, bronkioli nyingi ndogo, na mwisho vifuko vya hewa, ambako oksijeni hupenya kuingia katika damu na kaboni dayoksaidi hutoka. Ugonjwa unaitwa sugu unapodumu kwa muda mrefu, miezi au miaka, hata kama dawa zinaupunguza makali.

Bronkaiti sugu (J41 na J42). Kuta za bronki huvimba na kutoa ute mwingi. Vinyweleo vinavyofagia ute na vumbi huharibika, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kukohoa ili kuutoa. Kigezo kinachotumika sana ni kikohozi chenye makohozi kwa angalau miezi mitatu katika kila mwaka, kwa miaka miwili mfululizo. J41 ni bronkaiti sugu ambayo aina yake imeelezwa, na J42 ni ile ambayo aina yake haikubainishwa.

Emfisema (J43). Kuta zinazotenganisha vifuko vya hewa hubomoka. Vifuko vidogo vingi vinakuwa mifuko michache mikubwa. Hapa ndipo hoja ya eneo la uso inapokusaidia: vifuko vidogo vingi vina eneo kubwa la kubadilishana gesi kuliko mfuko mmoja mkubwa wa ujazo ule ule. Eneo likipungua, oksijeni inayoingia katika damu hupungua, na mgonjwa huhema hata akitembea hatua chache.

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa (J44). Hospitalini utasikia ukiitwa COPD, kifupi chake cha Kiingereza. Mgonjwa wake huwa na bronkaiti sugu, emfisema au vyote viwili, na njia zake za hewa zimebana kwa namna isiyofunguka kikamilifu. Migawanyo yake ni hii:
- J44.0: pamoja na maambukizi makali ya njia za chini za hewa;
- J44.1: umezidi ghafla, chanzo cha kuzidi hakikubainishwa;
- J44.8: aina nyingine iliyobainishwa;
- J44.9: haukubainishwa.

Pumu (J45). Hapa njia za hewa hubana kwa vipindi, kisha hufunguka zenyewe au kwa dawa. J45.0 ni pumu inayotokana zaidi na mzio, J45.1 si ya mzio, J45.8 ni mchanganyiko, na J45.9 haikubainishwa. Shambulio kali la pumu lisilotulia kwa dawa za kawaida lina msimbo wake, J46.

Bronkiektasisi (J47). Bronki hutanuka na kubaki hivyo, usaha na ute hutuama ndani yake, na maambukizi hujirudia.

Tofauti kati ya J44 na J45 haitolewi kwa kusikiliza kikohozi peke yake. Kifaa kinachoitwa spirometa hutumika. Mgonjwa huvuta hewa yote anayoweza, kisha huipuliza kwa nguvu mpaka iishe. Hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza hugawanywa kwa hewa yote iliyotoka. Jibu likiwa chini ya 0.70 hata baada ya mgonjwa kupewa dawa ya kupanua njia za hewa, ni ushahidi wa njia zilizoziba kwa namna ya kudumu.

Mfano wa hesabu: mgonjwa ametoa lita 1.4 katika sekunde ya kwanza, na jumla yake ni lita 2.8.
1.4 ÷ 2.8 = 0.50
Kwa kuwa 0.50 ni pungufu ya 0.70, njia zake za hewa zimeziba. Ukipewa swali la namna hii, onyesha njia, andika kigezo cha 0.70, kisha toa uamuzi. Wengi huishia kwenye 0.50 na kuacha alama ya mwisho mezani.

5. Tumbaku inaandikwaje?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Neno "mvutaji" linaeleweka mtaani, lakini katika misimbo linagawanyika, kwa sababu hali za wavutaji hazifanani.

Z72.0: matumizi ya tumbaku. Mtu anatumia tumbaku lakini hajathibitika kuwa tegemezi. Herufi Z hukusanya mambo yanayoathiri afya ya mtu ingawa si magonjwa.

F17.2: utegemezi wa tumbaku, yaani uraibu. Huu ni ugonjwa, na uko katika sura ya matatizo ya akili na tabia. Ili mtu aandikiwe F17.2, angalau dalili tatu kati ya hizi sita ziwe zimejitokeza pamoja ndani ya mwaka uliopita:
(i) hamu kali ya kutumia;
(ii) kushindwa kudhibiti kiasi au muda wa kutumia;
(iii) kuugua au kukosa utulivu anapoacha;
(iv) kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate hali ile ile;
(v) kuacha mambo mengine aliyoyapenda kwa ajili ya tumbaku;
(vi) kuendelea kutumia huku akijua inamdhuru.

F17.3: hali inayompata mraibu anapokatiza tumbaku, kama hasira za haraka, wasiwasi na kukosa usingizi.

Z86.4: historia ya uraibu kwa mtu aliyekwisha kuacha. Mapafu yaliyobomoka hayajengeki upya kwa kuacha sigara, kwa hiyo historia hii huandikwa hata kama ni ya miaka mingi.

Z58.7: kuvuta moshi wa tumbaku wa watu wengine. Huu ni wa mtoto, mke, mume au mfanyakazi anayekaa na wavutaji.

Z71.6: mgonjwa amepewa ushauri nasaha kuhusu tumbaku.

Zingatia: F17 haihusu sigara peke yake. Kiko, msokoto, ugoro, tumbaku ya kutafuna na shisha yenye tumbaku vyote vinaingia, kwa sababu nikotini ni ile ile. Zingatia pia kwamba F17.2 na Z72.0 haziandikwi pamoja kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliye tegemezi ni F17.2; asiye tegemezi lakini anatumia ni Z72.0.

Tahadhari kwa wanaosoma mtandaoni: ukikuta msimbo mrefu kama F17.210 au Z87.891, usidhani kitabu hiki kimekosea. Marekani ina toleo lake lililorefushwa, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. Msingi ni ule ule, tarakimu zimeongezwa.

6. Mifano ya kufanya

Kanuni: andika kwanza ugonjwa mkuu, yaani ule uliosababisha mgonjwa ahitaji huduma siku hiyo. Kisha ongeza msimbo wa chanzo au hali inayohusiana. Wagonjwa hawa ni wa kubuni kwa ajili ya mazoezi.

Mgonjwa wa kwanza. Mwanamume wa miaka 58 anavuta sigara tangu ujana. Akiamka hutafuta sigara kabla ya chai. Amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, na anaendelea ingawa ameambiwa mapafu yameharibika. Kipimo cha spirometa ni 0.50. Amekuja kwa sababu kubanwa kumezidi kwa siku tatu, na hana dalili za maambukizi. Amepewa ushauri wa kuacha.
Jibu: J44.1, F17.2, Z71.6. Hamu kali, kushindwa kuacha na kuendelea huku anajua madhara ni dalili tatu, kwa hiyo utegemezi umethibitika.

Mgonjwa wa pili. Mwanamke wa miaka 49 hajawahi kutumia tumbaku. Amepika kwa kuni kwa miaka thelathini katika jiko lisilo na dirisha. Kipimo ni 0.62, na hali yake imetulia.
Jibu: J44.9, Z58.1. Msimbo Z58.1 ni wa kukaa katika hewa iliyochafuliwa. Hapa msimbo wa tumbaku haufai kabisa. Mwanafunzi anayeandika F17 kwa kila mwenye J44 amekariri, hajaelewa.

Mgonjwa wa tatu. Mtoto wa miaka 9 ana pumu ambayo aina yake haijabainishwa. Baba yake huvuta sigara ndani ya nyumba.
Jibu: J45.9, Z58.7. Mtoto hapewi Z72.0, kwa sababu mtumiaji si yeye.

Mgonjwa wa nne. Kijana wa miaka 19 amekuja kupimwa afya. Anavuta shisha yenye tumbaku mara moja moja na marafiki. Hana dalili ya utegemezi, na mapafu yake ni mazima.
Jibu: Z72.0 peke yake. Hakuna ugonjwa wa kuandika chini ya J.

Mgonjwa wa tano. Mwanamume anavuta sigara na amekohoa kwa wiki tatu. Utegemezi haujachunguzwa. Hajapimwa spirometa wala makohozi.
Jibu: R05, Z72.0. R05 ni kikohozi, yaani dalili ambayo sababu yake bado haijajulikana. Usikimbilie J44 kwa sababu tu anavuta sigara. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kipimo cha kifua kikuu kwanza. Kifua kikuu kina dawa za kukiponya. J44 ina dawa za kuituliza tu. Ukimwandikia mwenye kifua kikuu J44, umemnyima dawa ya kupona na umemwacha awaambukize wa nyumbani kwake.

7. Kwa nini ugonjwa na chanzo viandikwe kila kimoja peke yake?

Rudi kwa mgonjwa wa kwanza na wa pili. Wote wawili wana J44. Kama mwandishi ataishia hapo, taarifa itasema: wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja. Lakini wa kwanza anahitaji msaada wa kuacha tumbaku, na wa pili anahitaji jiko lenye bomba la moshi au nishati nyingine ya kupikia. Dawa ya kifuani inaweza kuwa moja, kinga yake ni mbili. Msimbo wa pili ndio unaobeba kinga.

WHO inaeleza kwamba ugonjwa huu ulisababisha vifo milioni 3.5 duniani mwaka 2021, karibu asilimia 5 ya vifo vyote. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wake wanatokana na uvutaji wa tumbaku. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, tumbaku inachangia kati ya asilimia 30 na 40, na moshi wa majumbani ni chanzo kingine kikubwa. Tofauti hii isingejulikana kama chanzo kisingeandikwa. Nchi inayonakili takwimu za wenzake bila kuhesabu za kwake inaweza kupambana na sigara peke yake na kuwasahau akina mama walio jikoni, au ikapambana na kuni na kuwasahau wavutaji.

Historia ina ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 1951 nchini Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa nchi hiyo kuwauliza kama wanavuta sigara. Makumi ya maelfu walijibu. Watafiti hao wakafuatilia vifo vya madaktari hao mwaka hadi mwaka, wakisoma sababu ya kifo iliyoandikwa kwenye vyeti. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1954 na yakaonyesha wazi kwamba saratani ya mapafu iliwaua wavutaji zaidi. Wangefanya nini kama vyeti vingeandikwa "kifua" tu? Kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba mvutaji anayeacha akiwa na miaka 60 huongeza takriban miaka 3 ya kuishi. Akiacha na miaka 50 huongeza 6. Akiacha na miaka 40 huongeza 9. Na akiacha na miaka 30 huongeza takriban 10. Hesabu hiyo inatuonyesha faida ya kuacha mapema, na imejengwa juu ya maandishi ya karani na daktari.

Kwetu Tanzania, jambo hili lina uzito wake. Tumbaku ni zao la biashara, hasa Tabora, na kila robota linalofika sokoni hupimwa na kuandikwa kilo zake. Wakati huo huo tuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Faida ya zao inajulikana kwa kilo na shilingi. Madhara yake nayo yanataka mizani, na mizani hiyo ni misimbo inayojazwa kwa ukweli katika vituo vya afya. Kisichoandikwa hakihesabiki, na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

Jambo la mwisho katika sehemu hii. Watu wengine huogopa kumwambia tabibu kwamba wanavuta, wakidhani msimbo ni hukumu. F17.2 haisemi mtu ni mbaya; inasema ana ugonjwa unaotibika. Maelezo ya mgonjwa ni siri kati yake na wanaomhudumia. Ukiwa na ndugu anayekohoa na anayevuta, au wewe mwenyewe umeanza kuonja kwa marafiki, kusema ukweli mbele ya tabibu ndiyo njia ya kupata msaada unaostahili.

8. Makosa yanayojirudia katika majibu ya wanafunzi

- Kusema "magonjwa yote ya mapafu huanza na J". Kumbuka A15 hadi A19 na C34.
- Kuita bronkaiti sugu na pumu ugonjwa mmoja. Pumu hubana na kufunguka. Katika J44 sehemu ya kuziba hubaki.
- Kuandika "sigara husababisha COPD" na kuishia hapo. Eleza njia: moshi huharibu vinyweleo, ute hujaa, kuta za vifuko hubomoka, eneo la kubadilishana gesi hupungua.
- Kuchanganya matumizi na utegemezi. Taja kigezo cha dalili tatu kati ya sita.
- Kutaja chanzo bila ugonjwa, au ugonjwa bila chanzo, swali linapotaka vyote viwili.

9. Jipime

1. Taja sehemu za msimbo J44.0 na maana ya kila sehemu. (Alama 4)
2. Mgonjwa ametoa lita 1.8 za hewa katika sekunde ya kwanza, na jumla yake ni lita 2.4, baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa. Je, njia zake za hewa zimeziba kwa kigezo ulichojifunza? Onyesha njia. (Alama 3)
3. Mzee wa miaka 66 aliacha sigara miaka kumi iliyopita baada ya uraibu wa muda mrefu. Sasa ana emfisema. Andika misimbo miwili inayomfaa na ueleze kwa nini wa pili ni muhimu. (Alama 4)
4. Kwa nini vifuko vya hewa vikiungana kuwa mfuko mmoja mkubwa mgonjwa hupungukiwa oksijeni? (Alama 4)
5. "Msimbo wa tumbaku ni kazi ya karani, hauna faida kwa mgonjwa." Pinga kauli hii kwa hoja tatu. (Alama 5)

Mwongozo wa majibu

1. J ni mfumo wa upumuaji; J40 hadi J47 ni kundi la magonjwa sugu ya njia za chini za hewa; J44 ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa; .0 ni pamoja na maambukizi makali ya njia za chini za hewa.
2. 1.8 ÷ 2.4 = 0.75. Kigezo ni chini ya 0.70. Kwa kuwa 0.75 ni zaidi ya 0.70, njia za hewa hazijaziba kwa kigezo hicho.
3. J43 na Z86.4. Wa pili unaonyesha chanzo kinachowezekana cha ugonjwa, na unamkumbusha tabibu kufuatilia madhara mengine ya tumbaku na kumsaidia mzee asirudie.
4. Eneo la uso la kubadilishana gesi hupungua, pamoja na mishipa midogo ya damu iliyokuwa katika kuta hizo. Oksijeni inayopenya kuingia katika damu kwa kila pumzi huwa kidogo, kwa hiyo mgonjwa huhema haraka kufidia pengo.
5. Hoja zinazokubalika: mgonjwa hupata ushauri na tiba ya uraibu, tabibu mwingine hujua chanzo bila kuanza upya, chanzo kinachoweza kuzuilika kinatambuliwa kwa familia nzima, takwimu huongoza bajeti na sheria. Kila hoja iwe na maelezo yake.